Kutafuta na Kuhakiki: Tahakiki ya Zoezi la Sifuri za Polinomia ya Kipeo cha Pili katika Kitabu cha Hisabati cha Darasa la Kumi nchini India

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki zoezi moja la hisabati. Ni Zoezi la 2.2 katika sura ya polinomia ya kitabu cha Darasa la Kumi kinachotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti na Mafunzo ya Elimu la India (NCERT), kitabu kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Zoezi lenyewe ni fupi. Lina maswali mawili, na kila swali lina vipengele sita. Katika swali la kwanza mwanafunzi hupewa polinomia ya kipeo cha pili, akatakiwa kutafuta sifuri zake na kisha kuhakiki uhusiano uliopo kati ya sifuri hizo na vizidishi vya polinomia. Katika swali la pili safari hugeuzwa: hupewa jumla na zao la sifuri, akatakiwa kutunga polinomia yenyewe.

Huenda ikaulizwa kwa nini zoezi la vipengele kumi na viwili listahili tahakiki. Sababu ni kwamba zoezi ndiyo sehemu ya kitabu ambayo mwanafunzi huisoma akiwa na kalamu mkononi. Maelezo ya sura yanaweza kurukwa. Zoezi halirukwi, kwa kuwa ndilo linalosahihishwa. Kile ambacho zoezi linakiita kuhakiki ndicho mwanafunzi atakachokichukua maishani kuwa maana ya kuhakiki.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba zoezi hili limeuweka uhakiki mahali usipohitajika na kuuacha mahali unapohitajika. Katika swali la kwanza mwanafunzi anaagizwa kuhakiki kanuni ambayo sura imekwisha kuithibitisha, badala ya kuhakiki hesabu yake mwenyewe, ambayo ndiyo yenye shaka. Katika swali la pili haagizwi kuhakiki chochote, ilhali vipengele vitatu kati ya sita vinazungumzia sifuri ambazo, kwa fasili ya kitabu hichohicho, hazipo.

2.0 Istilahi

Neno sifuri katika mjadala huu halina maana ya tarakimu 0. Sifuri ya polinomia ni namba ambayo ikiwekwa mahali pa x huifanya polinomia nzima iwe na thamani ya 0. Kitabu kinaongeza sharti moja ambalo litakuwa na uzito mkubwa huko mbele: namba hiyo sharti iwe namba halisi. Vizidishi ni namba a, b na c katika umbo ax² + bx + c, ambapo a si 0. Uhusiano unaohakikiwa ni huu: jumla ya sifuri mbili ni −b/a, na zao lake ni c/a.

Suala la kitenzi ni zito zaidi kuliko la nomino. Katika Kiswahili cha hisabati, kitenzi kuthibitisha hubebeshwa kazi mbili zilizo mbali sana. Kwanza, hutumika kwa maana ya kutoa hoja inayoonyesha kwamba kauli fulani ni kweli daima, kwa kila namba inayohusika. Pili, hutumika kwa maana ya kukagua kama kauli hiyo inakubali katika mfano mmoja uliopo mezani. Kwa kazi ya pili lugha yetu ina kitenzi kuhakiki, kilichotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ukweli, na ambacho wanafasihi wamekizoea kwa muda mrefu. Mhakiki wa riwaya hatarajiwi kuthibitisha kwamba riwaya ni nzuri; anatarajiwa kuipima, na kipimo kisichoweza kutoa jibu la hapana si kipimo. Kigezo hicho ndicho kitakachotumika katika sehemu zinazofuata.

3.0 Swali la kwanza: nini kinapimwa?

Tuanze na kipengele cha kwanza, x² − 2x − 8. Polinomia hii inagawanyika kuwa (x − 4)(x + 2), hivyo sifuri zake ni 4 na −2. Jumla yake ni 2, nayo −b/a ni 2. Zao lake ni −8, nayo c/a ni −8. Mwanafunzi anaandika kwamba pande mbili zimelingana, anapiga mstari, anaendelea na kipengele cha pili.

Je, amehakiki nini? Kwa mujibu wa maneno ya swali, amehakiki uhusiano. Lakini uhusiano huo haukuwa na shaka. Sura yenyewe imeonyesha, kwa kuzidisha k(x − α)(x − β) na kulinganisha vizidishi, kwamba α na β zikiwa sifuri basi jumla na zao lake ni lazima viwe hivyo. Mfano mmoja zaidi, au sita, au elfu sita, hauongezi uhakika wowote juu ya hoja hiyo. Chenye shaka ni kama 4 na −2 ndizo sifuri kweli. Kwa maneno mengine, swali limegeuza mshitaki kuwa mshitakiwa: hesabu ya mwanafunzi inachukuliwa kuwa shahidi, na kanuni ndiyo inayosimamishwa kizimbani. Pande mbili zisipolingana, mwanafunzi anayefuata maneno ya swali neno kwa neno angepaswa kuhitimisha kwamba kanuni imeshindwa. Hakuna mwalimu angekubali hitimisho hilo, jambo linaloonyesha kwamba kila mtu anajua kinachopimwa ni nini, isipokuwa swali.

Zaidi ya hayo, upande wa kanuni uliothibitishwa katika sura si ule unaohitajika kwa uhakiki. Sura inatoka kwenye sifuri kwenda kwenye vizidishi: zikiwa sifuri, basi jumla na zao ni haya. Anayetaka kuzihakiki namba alizozipata anahitaji upande wa pili: namba mbili zikiwa na jumla −b/a na zao c/a, basi ndizo sifuri, na hakuna nyingine. Upande huu ni wa kweli, na hoja yake haizidi mstari mmoja, kwa kuwa a(x − α)(x − β) ikizidishwa hurudisha polinomia ileile. Mstari huo ndio unaofanya jumla na zao viwe kipimo kamili. Bila huo, kulingana kwa pande mbili hakumhakikishii mwanafunzi lolote kuhusu jibu lake.

Vipengele vilivyochaguliwa vina utajiri ambao maelekezo ya swali hayautumii, na inafaa tuvipitie kwa undani. Chukua 4u² + 8u. Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya kwa u na kubaki na sifuri moja, −2. Akiiweka −2 mahali pake, anapata 16 − 16, yaani 0. Kipimo cha kuweka namba kimepita. Akikagua jumla, −b/a ni −2, nayo inalingana na sifuri yake pekee. Kipimo cha jumla nacho kimepita! Ni zao tu linalomkamata, kwa sababu c/a ni 0, na 0 haipatikani bila sifuri ya pili iliyopotea. Katika 3x² − x − 4 hali ni kinyume. Sifuri zake ni 4/3 na −1. Anayekosea alama na kuandika −4/3 na 1 atapata zao lilelile, −4/3, bila dosari. Jumla ndiyo itakayomfichua, kwa kuwa atapata −1/3 pale panapotakiwa 1/3. Katika t² − 15, namba yoyote na hasi yake hupita kipimo cha jumla. Vipengele hivi vitatu vinatosha kumfundisha mwanafunzi kwa nini vipimo ni viwili na kwa nini kimoja hakitoshi, iwapo angeonyeshwa majibu yenye makosa na kuulizwa ni kipimo kipi kinalikamata kosa lipi. Swali halimuulizi.

Kipengele cha pili, 4s² − 4s + 1, kinaonyesha jambo jingine. Hapa sifuri ni 1/2, mara mbili. Kuweka 1/2 mahali pa s kunatoa 0, lakini hakuwezi kusema kama 1/2 inahesabiwa mara moja au mbili. Jumla inasema: −b/a ni 1, na 1 haipatikani isipokuwa 1/2 ijumlishwe na nafsi yake. Kuweka namba huipima kila sifuri peke yake. Jumla na zao huzipima sifuri zote kwa pamoja, pamoja na idadi yake. Wanaodhani kwamba kuweka namba kunatosha hawajakutana na kipengele hiki wakiwa makini.

Hata hivyo, kipengele kilicho bora kuliko vyote ni cha tatu, kilichoandikwa kwa mpangilio usio wa kawaida: 6x² − 3 − 7x. Bila shaka mtunzi alikusudia mwanafunzi apange upya kabla ya kuanza. Akipanga vyema atapata (3x + 1)(2x − 3), na sifuri −1/3 na 3/2, zenye jumla 7/6 na zao −1/2. Sasa tumfikirie mwanafunzi asiyepanga, anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia na kuchukua b kuwa −3 na c kuwa −7. Akitumia kanuni ya jumla ya kutafuta sifuri, atapata (3 + √177)/12 na (3 − √177)/12. Akihakiki kama alivyoagizwa, jumla ya namba hizo ni 1/2, nayo −b/a kwa usomaji wake ni 3/6, sawa na 1/2. Zao lake ni (9 − 177)/144, yaani −7/6, nalo c/a kwa usomaji wake ni −7/6. Kila kitu kimelingana, na jibu lote ni batili. Uhakiki umerithi kosa la usomaji kwa sababu umetumia vizidishi vilevile vilivyosomwa vibaya. Kinachoweza kumwokoa ni kurudi kwenye polinomia kama ilivyoandikwa na kuweka namba zake humo. Kwa namba sahihi, 3/2, hesabu ni 27/2 − 3 − 21/2, ambayo ni 0.

Basi kuna makosa yanayoonwa na kuweka namba na kufichwa na jumla na zao, na kuna mengine ambayo ni kinyume chake. Uhakiki wenye maana katika swali hili ungehitaji yote mawili, na ungehitaji kutaja ni lipi linafanya kazi gani.

4.0 Swali la pili: sifuri zisizokuwapo

Katika swali la pili mwanafunzi hupewa jozi sita za jumla na zao. Tukiziandika kwa mpangilio wa jumla kwanza na zao baadaye, ni hizi: 1/4 na −1, √2 na 1/3, 0 na √5, 1 na 1, −1/4 na 1/4, 4 na 1. Njia iliyofundishwa katika mfano wa sura ni ya moja kwa moja. Jumla ikiwa S na zao likiwa P, polinomia ni x² − Sx + P, au hiyo ikizidishwa kwa namba yoyote isiyo 0. Majibu yaliyo mwishoni mwa kitabu yanafuata njia hiyo: 4x² − x − 4, 3x² − 3√2x + 1, x² + √5, x² − x + 1, 4x² + x + 1, x² − 4x + 1.

Tazama jibu la tatu. Mraba wa namba halisi hauwi hasi, na √5 ni chanya. Hivyo x² + √5 ni chanya kwa kila x. Haina sifuri hata moja. Katika jibu la nne, b² − 4ac ni 1 − 4, yaani −3. Katika la tano ni 1 − 16, yaani −15. Hizi nazo hazina sifuri. Nusu ya swali linalohusu jumla na zao la sifuri inahusu polinomia zisizo na sifuri za kujumlishwa wala kuzidishwa.

Kasoro hii haihitaji kuletewa kipimo kutoka nje ya kitabu. Fasili ya sifuri katika sura ni ya namba halisi. Tena, sehemu ya sura inayoeleza maana ya kijiometria ya sifuri inaonyesha waziwazi kwamba mchoro wa polinomia ya kipeo cha pili unaweza kuukata mhimili wa x mara mbili, kuugusa mara moja, au usiufikie kabisa. Sura imekwisha kumwambia mwanafunzi kwamba hali ya tatu ipo. Kurasa chache baadaye zoezi linaisahau.

Upo utetezi unaoweza kutolewa, nao haupaswi kupuuzwa. Kibainishi, yaani b² − 4ac, hufundishwa katika sura ya nne ya kitabu, na namba changamano hufundishwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo, itasemwa, mwanafunzi wa sura ya pili hana chombo cha kugundua tatizo. Utetezi huu ni dhaifu. Chombo kinachohitajika kinatokana na jumla na zao zenyewe. Kwa namba zozote mbili halisi, (α + β)² − 4αβ ni sawa na (α − β)², na mraba huo hauwi hasi. Kwa hiyo S² haiwezi kuwa ndogo kuliko 4P. Kwa jozi ya 0 na √5, S² ni 0 na 4P ni kubwa kuliko 0. Kwa 1 na 1, ni 1 dhidi ya 4. Kwa −1/4 na 1/4, ni 1/16 dhidi ya 1. Ukaguzi wote ni wa mstari mmoja kwa kila jozi, na hauhitaji sura ya nne.

Utetezi wa pili, kwamba sifuri hizo zipo katika namba changamano, una nguvu zaidi kwa upande wa hisabati. Ni kweli kwamba x² − x + 1 ina sifuri mbili changamano, na jumla yake ni 1, na zao lake ni 1. Uhusiano haujavunjika. Lakini kitabu kinachotaka kujikinga kwa hoja hiyo kinapaswa kwanza kuacha neno halisi katika fasili yake.

5.0 Al-Khwarizmi na Girard

Tatizo hili si geni, na namna lilivyoshughulikiwa zamani inatusaidia kuona kwamba kuna njia mbili tu za uaminifu za kulikabili.

Njia ya kwanza ni ya Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljabri huko Baghdad katika nusu ya kwanza ya karne ya 9. Mojawapo ya mifano yake ni mraba pamoja na dirhamu 21 ulio sawa na mizizi 10, ambao sisi tungeuandika x² + 21 = 10x. Anagawa 10 kwa mbili, anapata 5; mraba wake ni 25; anatoa 21, inabaki 4; kipeuo chake cha pili ni 2; na majibu ni 3 na 7. Kwa macho yetu, 10 ni jumla na 21 ni zao. Jambo muhimu ni tahadhari anayoiweka papo hapo: mraba wa nusu ya mizizi ukiwa mdogo kuliko dirhamu, swali haliwezekani, ukiwa sawa nazo, jibu ni hiyo nusu yenyewe. Hiki ndicho kipimo cha S² na 4P, kikisemwa kwa maneno matupu bila alama hata moja. Al-Khwarizmi hakutoa njia ya kupata jibu bila kutaja mpaka wake.

Njia ya pili ni ya Albert Girard, katika kitabu chake cha aljebra kilichochapishwa Amsterdam mwaka 1629. Kabla yake, François Viète alikuwa ameuona uhusiano wa mizizi na vizidishi, lakini kwa mizizi chanya tu. Girard aliutaka uhusiano uwe wa jumla, na aliona kwamba hauwezi kuwa wa jumla bila kuikubali mizizi ambayo watu wa wakati wake waliiona kuwa haiwezekani. Kwa x⁴ = 4x − 3 alihesabu mizizi minne: 1, 1, −1 + √−2 na −1 − √−2. Jumla yake ni 0 na zao lake ni 3, kama kanuni inavyodai. Mojawapo ya sababu alizozitoa za kuihifadhi mizizi hiyo ni uhakika wa kanuni yenyewe.

Al-Khwarizmi aliweka mpaka. Girard alipanua milki. Zoezi la 2.2 halikufanya lolote kati ya hayo. Linafurahia ujumla wa Girard huku likishikilia namba za al-Khwarizmi, na mwanafunzi haambiwi kwamba amevuka mahali fulani.

6.0 Upande wa mtahini

Ingekuwa kosa kupendekeza vipengele hivyo vitatu viondolewe. Ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi katika swali zima, mradi maelekezo yabadilishwe. Ingetosha kusema: tunga polinomia yenye umbo x² − Sx + P, kisha hakiki kama ina sifuri halisi. Vivyo hivyo, katika swali la kwanza ingetosha kusema: tafuta sifuri, kisha zihakiki kwa jumla na zao, na kwa kuziweka katika polinomia kama ilivyoandikwa. Anayeyaweka maelekezo haya katika Kiswahili atumie hakiki pote na kuepuka thibitisha, ili kitenzi cha pili kibakie kwa ajili ya ile hoja ya kuzidisha k(x − α)(x − β).

Linabaki suala la alama, ambalo watahini hawawezi kulikwepa. Tuchukue wanafunzi wawili mbele ya jozi ya 0 na √5. Wa kwanza anaandika x² + √5 na kunyamaza. Wa pili anaandika kwamba polinomia kama hiyo haipo, kwa kuwa namba mbili halisi zenye jumla 0 ni namba na hasi yake, na zao lake haliwezi kuwa chanya. Kwa majibu yaliyo mwishoni mwa kitabu, wa kwanza anapata alama zote na wa pili hapati kitu. Kwa fasili iliyo ndani ya sura ileile, wa pili ndiye aliyejibu swali lililoulizwa, na ndiye pekee kati yao aliyehakiki.